digiKam kwa picha za familia: programu inayoandika jina ndani ya picha yenyewe

Wiki moja kabla ya arobaini ya baba, wakubwa wa ukoo wetu hapa Ujiji walinipa kazi iliyoonekana ndogo: kutafuta picha moja nzuri ya marehemu, inayoonyesha uso wake vizuri, ili ichapishwe kwa ukubwa na kutundikwa sebuleni kwa mama. Mimi ndiye ninayetunza picha za familia, zaidi ya 22,000, tangu kamera yetu ya kwanza ya dijitali tuliyoinunua mwaka 2006, na bado nilikesha siku mbili mfululizo bila kuipata picha niliyokuwa ninaikumbuka kana kwamba naiona. Folda zilikuwa na majina kama "Simu ya mama 2", "Kadi ya zamani" na "Harusi mpya", na hiyo harusi mpya ilikuwa ya mwaka 2011. Mwishowe tulichapisha picha iliyokuwa imetumwa katika kundi la familia kwenye simu, na ilipotoka steshenari katika ukubwa wa sentimita 20 kwa 25, uso wa baba ulikuwa umevurugika, kope na ndevu zimeshikana kama rangi iliyomwagiwa maji.

Tangu hapo nimetumia karibu mwaka mzima kujaribu programu za kupanga na kuhariri picha, na ninachoandika hapa ni tathmini ya ile niliyobaki nayo, digiKam, pamoja na maneno machache kuhusu zile nilizoziacha.

Kabla ya kuanza nilijiwekea sharti moja lililotangulia mengine yote. Wazazi wetu, waliporudi na picha kutoka studio, waliigeuza na kuandika nyuma yake kwa kalamu: Kumbukumbu ya Idi Mosi, jina la mtu, mwaka. Maandishi yale yalikwenda popote picha ilipokwenda, na hata albamu ilipochanika jina halikupotea. Nilitaka kitu hicho hicho kwa picha za dijitali. Faili la picha lina nafasi ndani yake ya kuweka maandishi: kiwango kiitwacho Exif, kilichoanzia Japani mwaka 1995, ndicho kinachoiwezesha kamera kuandika tarehe, saa na aina ya kamera, na viwango vya IPTC na XMP vinatoa nafasi ya maelezo, majina ya watu na mahali. Programu nyingi, hata hivyo, hazigusi nafasi hizo zisipoamriwa, bali huweka majina yote katika hifadhidata yao wenyewe, kando na picha. Mtu anaweza kukaa miaka akiandika majina ya shangazi na wajomba, kisha akahamia kompyuta nyingine na kukuta picha zimehama, majina yamebaki. Kwa hiyo swali la kwanza nililoiuliza kila programu lilikuwa: nikiandika jina leo, litasomeka kesho katika programu nyingine?

Google Photos ndiyo ambayo wengi wetu tunayo tayari kwenye simu, na kwa kutafuta haina mpinzani, kwa kuwa unaandika neno tu nayo inakuletea picha. Lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 nafasi ya bure ni gigabaiti 15, ambazo zinagawanywa pia na barua pepe na mafaili mengine ya akaunti hiyo. Picha 22,000 zenye wastani wa megabaiti 3 kila moja ni gigabaiti 66, yaani zaidi ya mara nne ya nafasi hiyo, na bado sijahesabu bando la kuzipandisha zote kutoka Kigoma. Isitoshe, maelezo na marekebisho ya tarehe uliyoyafanya humo, ukiamua kuondoka na picha zako, hukabidhiwa katika mafaili ya pembeni yenye maandishi ya kikompyuta, ambayo mtu wa kawaida hajui afanye nayo nini. Lightroom ya Adobe ni bora katika kuhariri kuliko nyingine zote nilizozigusa, na inaweza kuandika maelezo ndani ya mafaili ukiiamuru, lakini tangu mwaka 2017 matoleo yake mapya ya kompyuta yanapatikana kwa malipo ya usajili tu, na malipo yakikoma unaendelea kuziona picha zako huku sehemu ya kuhariri imefungwa. Kwa mpiga picha wa harusi anayelipwa hilo ni gharama ya kazi. Kwa mtunza picha za familia ni kodi isiyo na mwisho. Picasa, ambayo bado naikuta katika kompyuta nyingi za steshenari zetu, ilikuwa nzuri na nyepesi, lakini Google iliacha kuiendeleza mwaka 2016, na sioni busara ya kuanza leo kuweka miaka ijayo ya familia mahali ambapo mwenyewe amekwisha kuhama.

digiKam ni programu huria, isiyolipiwa, inayotengenezwa na watu wa kujitolea chini ya mradi wa KDE, na chimbuko lake ni mwaka 2001. Inafanya kazi katika Windows, Linux na macOS. Inapowashwa mara ya kwanza inakuuliza maswali machache, na mojawapo ndilo lile nililolitaka: je, maelezo yaandikwe ndani ya mafaili ya picha, au yabaki katika hifadhidata peke yake? Usilipite swali hili kwa kubonyeza tu "endelea". Chagua yaandikwe ndani ya picha. Albamu zake ni folda zako halisi zilizo kwenye diski, kwa hiyo hakuna siri: unachokiona ndani ya programu ndicho utakachokikuta ukifungua folda bila programu, na ukifuta albamu humo ujue unafuta folda ya kweli.

Majina ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi, na ndipo digiKam iliponiridhisha zaidi. Lebo zake hupangwa kwa matawi: chini ya Mahali nikaweka Kigoma, chini ya Kigoma nikaweka Ujiji, Kibirizi, Mwanga, Katonga na Gombe, chini ya Watu nikaweka matawi ya ukoo. Nilianza kwa kosa ambalo nadhani kila Mswahili angelifanya, nikaandika "Shangazi", "Bibi", "Baba Mkubwa". Baada ya wiki mbili mwanangu mkubwa alikaa nami akauliza kwa nini bibi yake ameandikwa shangazi. Cheo cha ndugu hutegemea anayetazama, na picha hizi zitatazamwa na watu ambao kwao mimi mwenyewe nitakuwa babu. Nikarudi kuandika jina la mtu na la baba yake, na la babu pale ilipobidi, maana katika familia yetu mjukuu hupewa jina la babu na tuna akina Hamisi watatu wanaoweza kukaa katika picha moja. Kubadilisha lebo moja hubadilisha picha zote zenye lebo hiyo kwa mara moja, hivyo kosa langu la wiki mbili lilirekebishwa kwa jioni moja.

Programu hiyo pia hutambua nyuso. Unaipa mifano kadhaa ya uso wa mtu, nayo inapendekeza picha nyingine za mtu huyo ili uthibitishe au ukatae, na kazi yote inafanyika ndani ya kompyuta yako bila picha kutoka nje. Hilo la mwisho lina uzito kwangu, kwa sababu humo mna picha za watoto wachanga, za wagonjwa na za misibani ambazo sina ruhusa ya kuzipeleka popote. Mapendekezo yake yanahitaji jicho la mtu. Nyuso za mbele, zenye mwanga wa kutosha, inazipata vyema; nyuso za pembeni na za ndugu wanaofanana sana zinakutaka usimame uangalie kabla ya kuthibitisha. Jina unalolithibitisha linaingia katika picha pamoja na eneo la uso, nami nilijiridhisha kwa kuifungua picha moja katika programu nyingine kabisa, XnView MP, nikalikuta jina pale.

Jambo la pili ni tarehe, na hapa kuna tatizo ambalo sijaliona likizungumzwa katika maelezo ya wageni, kwa sababu ni letu sisi. Kamera yetu ya mwaka 2006 iliwekewa saa na mjomba, naye aliiwekea saa ya Kiswahili: saa mbili asubuhi akaandika 2:00, wakati kamera ilitarajia 8:00. Kwa miaka minne kila picha ilibaki nyuma kwa saa sita. Mchana haikuonekana kuwa na madhara, lakini picha za mkesha wa harusi zilizopigwa saa nane usiku ziliandikwa kuwa za saa mbili usiku wa jana yake, zikatangulia hata picha za bibi harusi akipambwa, zilizopigwa kwa kamera nyingine. digiKam ina zana ya kurekebisha muda wa picha nyingi kwa pamoja: nilizichagua zote za kamera ile, nikaongeza saa sita, na harusi ikajipanga upya kama ilivyotokea. Usipokumbuka tofauti ni saa ngapi, zana hiyo inakuruhusu kutumia picha yoyote yenye saa ya ukutani ndani yake. Unaiambia saa ya ukutani inasema nini, nayo inakokotoa pengo. Nilipata picha kama hiyo, iliyopigwa ukumbini, na jibu lilikuwa saa sita na dakika nne, kwa hiyo nikaziongeza na hizo dakika nne. Tuna pia tatizo la mpakani. Simu ya mdogo wangu, akiwa safarini kwenda Gombe kwa mtumbwi, ilinasa mtandao wa upande wa Burundi, ambako saa iko nyuma yetu kwa saa moja, na picha zake zikachanganyika vibaya na zangu za safari ile ile. Dawa ni ile ile.

Picha zilizopita WhatsApp ni habari nyingine. Huko taarifa za ndani za picha huondolewa na ukubwa hupunguzwa, na kinachobaki ni jina la faili lenye tarehe ya kutumwa, ambayo huenda ni miaka kumi baada ya tukio. Kwa hizo, na kwa picha za karatasi nilizoziskani, tarehe huandikwa kwa mkono katika sehemu ya maelezo ya picha, la sivyo bibi aliyepigwa picha mwaka 1974 ataonekana ni wa mwaka huu.

Zana iliyonirudishia picha ya baba ni ile ya kutafuta picha zinazofanana. digiKam hutengeneza kitu mfano wa alama ya kidole kwa kila picha, kisha huzilinganisha alama hizo, hivyo inaweza kutambua kuwa picha ndogo iliyobanwa na picha kubwa ya asili ni kitu kimoja ingawa majina, tarehe na ukubwa wa mafaili havilingani hata kidogo. Kutengeneza alama za picha zangu zote kulichukua usiku mzima. Asubuhi niliipa ile picha iliyoharibika steshenari, nikaiomba inayofanana nayo, na ikanipeleka kwenye folda ya "Kadi ya zamani", ambako picha ya asili ilikuwa imelala tangu harusi ya 2011, ikiwa na upana wa pikseli (nukta zinazounda picha) 4,000. Ile ya kwenye simu ilikuwa na 1,600. Tofauti hiyo inaonekana kubwa zaidi ukikata sehemu ya mtu mmoja kutoka picha ya watu wengi: mabega na uso wa baba katika picha ya asili vilikuwa na pikseli kama 1,500 kwa 1,900, ambazo kwa karatasi ya sentimita 20 kwa 25 zinatoa nukta 190 hivi kwa kila inchi, wakati ile ndogo ilitoa 76 tu. Ninashauri usishushe kiwango cha mfanano chini sana katika zana hii. Ziwa na mbingu vikipigwa picha hutoa mistari ile ile na rangi zile zile, na nilipokishusha iliniletea machweo ya Kibirizi ya miaka kumi kana kwamba ni picha moja, na mtu mwenye haraka angeweza kuzifuta.

Kwa kuhariri, digiKam ina mengi kuliko mahitaji ya familia: kukata kwa vipimo vya karatasi, kunyoosha picha iliyoinama, kuondoa macho mekundu, kurekebisha rangi, kufuta madoa na mikwaruzo ya picha zilizoskaniwa. Ukihariri, inahifadhi toleo jipya kando na kuiacha picha ya asili ilivyo, na kwangu hilo ni sharti la pili baada ya lile la majina, kwa sababu faili la JPEG hupoteza ubora kidogo kila linapohifadhiwa upya. Kazi ninayoifanya mara nyingi zaidi ni ya nyuso zilizopigwa zikiwa zimeipa mgongo mng'ao wa ziwa. Kamera huuamini mwanga wa maji, ikapunguza, na watu weusi waliosimama mbele yake wakageuka vivuli. Zana ya mikunjo ya mwanga inaniwezesha kuinua sehemu za giza peke yake, taratibu, mpaka macho na tabasamu virudi bila maji kuungua kuwa meupe. Vitufe vya kurekebisha rangi kwa mkupuo mmoja sivipendi. Picha tuliyopiga jioni ufukweni, wavuvi wakiwasha taa kwenda kuvua dagaa, ilipopitishwa humo ilipoteza ule uwekundu wote wa moto ikawa ya kijivu, kama mchana wa mawingu, na kumbukumbu ya jioni ile ilikuwa ni huo uwekundu. Aliyezoea Lightroom ataona uhariri wa digiKam una hatua nyingi. Anayetaka nguvu ya aina hiyo bila malipo atazame darktable, ingawa itamdai muda wa kujifunza.

Kasoro zake ni za kweli. Ni programu nzito: kompyuta mpakato yenye RAM ya gigabaiti 4 itaelemewa, hasa katika kazi ya nyuso, na mwenye mashine ya namna hiyo nampendekezea XnView MP, iliyo nyepesi na isiyolipiwa kwa matumizi binafsi, ingawa haitamsaidia kutambua nyuso. Menyu zake ni nyingi mno, na mgeni atapotea siku za mwanzo. Mimi nilizitumia kwa Kiingereza, na sioni mama yangu akizitumia peke yake. Utambuzi wa nyuso unadai kupakua mafaili ya ziada ya mamia ya megabaiti juu ya programu yenyewe, hivyo panga bando mapema au umwombe aliye na intaneti ya kazini akuwekee programu kwenye flashi. Halafu, kwa kuwa inaandika ndani ya mafaili yako halisi, lazima uwe na nakala kamili ya picha zote kabla ya kuanza, na kompyuta iwe na betri inayotunza chaji, maana umeme ukikatika faili likiwa katikati ya kuandikwa, faili hilo linaweza kuharibika. Mimi nina diski mbili za nje: moja iko hapa Ujiji, nyingine iko Kasulu kwa kaka, na hubadilishana nafasi kila mmoja wetu anaposafiri.

Je, inamfaa nani? Inamfaa mtu mmoja katika kila ukoo, yule ambaye simu zikijaa huletewa yeye, na ambaye yuko tayari kutumia saa moja au mbili kwa wiki kwa miezi kadhaa. Mwenye picha mia tano za simu yake hahitaji mzigo huu. Aliye na maelfu, kutoka kwa kamera zilizokwisha kufa na watu waliokwisha kuondoka, sijaona kinachomfaa zaidi kwa bei yoyote.

Picha ya baba tumeichapisha upya na ipo sebuleni kwa mama. Mwezi uliopita shangazi alikuja kutoka Kibondo, akakaa nami mbele ya kompyuta kuanzia alasiri mpaka magharibi, nikimfungulia picha za karatasi nilizoziskani, zile ambazo nyuma yake hapakuandikwa kitu. Alipofika katika ya tano aliinama, akavaa miwani, akataja majina ya wanawake wote sita waliosimama mbele ya mtumbwi pale Kibirizi, kutoka kushoto kwenda kulia, mmoja baada ya mwingine pamoja na baba zao, nami nikayaandika hapo hapo kabla hajageukia nyingine. Bado tuna maboksi mawili.